Filta Tatu Juu ya Lenzi Moja

Ndugu Mhariri,

Nakuandikia kutoka meza ya tatu nyuma yako, kwa sababu mambo ya aibu hukaa vizuri zaidi kwenye karatasi. Jumatatu ulitangaza mbele ya wote kwamba picha zangu zikiendelea kutoka na ukungu, kamera ya ofisi atapewa binti wa ukurasa wa michezo ifikapo Ijumaa. Nimeandika habari miaka ishirini na miwili na sijawahi kunyang'anywa kitu isipokuwa kiti. Naomba hukumu hiyo isitishwe. Mwenye kosa si mimi, ni filta, kile kioo cha kinga kinachofungwa mbele ya lenzi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku niliyokabidhiwa kamera, mtunza stoo alinionya kwamba lenzi ikipata mkwaruzo, nisikanyage tena dirishani kwake. Kama ujuavyo, haamini sahihi, maana watu huzikanusha. Kila anayechukua kitu hubonyeza dole gumba kwenye wino na kulipiga kwenye daftari. Nikabonyeza. Niliondoka na hofu kiasi kwamba nilipitiliza moja kwa moja hadi kwa mchuuzi wa miwani nje ya geti. Akaniapia kuwa filta yake inazuia vumbi, mvua na husuda. Mimi, ninayedai ushahidi wa watu wawili hata nikitajiwa saa, nilimwamini, nikaifunga palepale nimesimama.

2. Picha zilipoanza kutoka kama zimepigwa bafuni, nilifanya uchunguzi. Fundi kamera aliinamisha lenzi chini ya balbu, akaniambia nitazame. Filta nzuri, alisema, hupitisha mwanga badala ya kuurudisha. Balbu utaiona juu yake hafifu, ya kijanikijani. "Yako hii, mzee, ni kioo cha kunyolea ndevu." Kweli, niliiona balbu nzima, na pua yangu. Akanipa filta ya maana: kioo safi, kilichopakwa dawa ya kuzuia mng'ao. Lakini ile ya kwanza ilikuwa imeng'ang'ania. Akataka kuifungua kwa koleo. Nikamkumbuka mtunza stoo, nikakataa. Tukaifunga nzuri juu ya mbovu.

3. Kitu kizuri nacho kinahitaji kulindwa. Nikatafuta filta ya tatu, ya kuilinda ya pili. Hapo sikuomba ushauri wa mtu, na inaonekana.

4. Pete za filta tatu zikipangwa moja juu ya nyingine, huingia kwenye picha. Ndiyo maana mkurugenzi wa maji, akifungua bomba kwa tabasamu, alitoka na weusi pembe zote nne, na wasomaji wakadhani ni tanzia. Shangazi yake alipiga simu chumba cha habari akilia. Niliipokea mimi, nikamhakikishia kwamba mkurugenzi ni mzima. Akauliza, "Sasa mwanangu, mbona mmemzika?"

Kwa hiyo naomba viongozi waagizwe kusimama katikati tu, wasisogelee pembe za picha. Hafla zote zifanyike bila balbu. Msomaji anayeona ukungu alifute kwanza gazeti lake kwa kitambaa kabla ya kutupigia simu. Na ofisi inipatie filta ya nne, kwa sababu ya tatu imeshaanza kupata mikwaruzo.

Nawasalimu wote wa meza yako, mpiga chapa, na mtunza stoo. Binti wa michezo naye umfikishie salamu. Sina kinyongo naye, ila mpira waweza kupigwa picha hata kwa simu.

Wako katika kazi na ukungu,
Mwandishi wa meza ya tatu

Nyongeza: Kabla ya kukuletea barua hii nilipitia kwa fundi, ili filta zote tatu ziambatanishwe kama vielelezo. Alizizungushia kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, zikafunguka kama kifuniko cha chupa. Hata ile ya mchuuzi ni mbovu tu, si mhalifu. Chini yake, katikati ya lenzi, palikuwa na alama ya dole gumba, ya wino wa bluu, mistari yake yote ikisomeka. Mtunza stoo ameilinganisha na daftari, na hakuhitaji miwani. Kwa miezi minane vumbi, mvua na husuda havikuigusa. Fundi ameiondoa kwa matone mawili ya dawa na kitambaa. Binti apewe kamera Ijumaa, pamoja na filta ya pili, ambayo ni nzuri kweli. Ila akishapiga dole gumba kwenye daftari, anawe mikono kwanza.