Mpango wa Kumlaza Mama Katika Ghuba ya Ha Long

Jumanne, 21 Februari

Siku kumi tu! Mama anatimiza miaka themanini, na mimi bado sina chombo cha baharini.

Alizaliwa tarehe kumi na mbili ya mwezi wa pili. Kwa kalenda yetu ya mwezi mwandamo, si ya Wazungu. Na mwaka huu kalenda yetu inarudia mwezi wa pili, kama inavyofanya kila ikiona imeachwa nyuma na jua. Kwa hiyo Mama ana siku mbili za kuzaliwa. Nitatumia ya kwanza. Ya pili ni ya wazembe.

Kosa ni langu. Mwaka mpya, mbele ya ukoo mzima, nilisimama na kikombe cha pombe ya mchele nikatangaza kwamba Mama atalala usiku mmoja kwenye chombo kule Ha Long, katikati ya vile visiwa vya mawe. Baba alimwahidi hivyo kabla hawajaoana. Akafa hajatimiza. Mama halalamiki. Lakini visiwa vile vikionyeshwa kwenye televisheni, anaacha kutafuna.

Nilipokaa, Luc akasema kwa sauti: "Mdogo wangu Khiem, ukikwama niite." Wakacheka wote! Luc ana miaka thelathini na mitatu. Mimi hamsini na minne. Nimemfuta kamasi kwa mkono huu huu! Lakini baba yake ni baba mkubwa, basi yeye ni kaka, tena mkuu wa ukoo. Namwamkia mimi kila tukionana.

Mpango: siri. Luc asijue tarehe mpaka asubuhi ya safari. Akijua mapema ataleta basi, keki na mpiga picha, na kwenye picha zote Mama atakuwa ameegemea bega lake. Jua likichomoza nataka Mama awe amekaa na mimi. Basi. Sitaki kingine.

Alhamisi, 23 Februari

Nimepiga simu kampuni ya vyombo kule Ha Long nikiwa chooni, Thoa asisikie. Thoa ni mke wangu, mtu mwema, lakini anauza mboga meza moja na mke wa Luc. Siri ikifika pale saa mbili, saa tatu iko kwa Luc.

Amepokea dada mmoja, Diep. Sauti laini. Nimemwambia nataka chombo kidogo, vyumba vitano, vyote vyetu, tarehe kumi na mbili mwezi wa pili, kwa kalenda yetu, ule mwezi wa pili wa kwanza, si ule wa pili wa pili. Ameniomba nirudie. Nimerudia. Nikamweleza na habari ya miaka themanini. Amesema atahesabu kisha ataniandikia.

Jioni ujumbe umeingia. "3/3. Chombo kipo."

Nimeduwaa. Tarehe tatu ya mwezi wa tatu? Hiyo si sikukuu ya kula madonge ya unga wa mchele? Kuna mwezi wa pili mzima wa marudio katikati! Nimesoma ujumbe mara sita. Nimegeuza simu juu chini. Tatu na tatu vilevile.

Kisha nikaelewa. Siku ya Mama vyombo vimejaa, dada Diep kanisogeza mbele. Nilimuuliza kwa kalenda yetu, naye kanijibu kwa kalenda yetu. Binti aliyelelewa! Nimekubali hapo hapo, nimetuma akiba yote ya pikipiki mpya. Mama amengoja karibu miaka sitini, wiki saba hizi ni kitu gani?

Jumapili, 26 Februari

Luc kaja na boksi la keki za maharage. Nimemwamkia.

Ameuliza safari ya mama mdogo, ndivyo anavyomwita Mama, ni lini. Nimemwambia ataitwa. Ameuliza, mwezi huu au ule wa marudio? Nimemwambia kaka, wewe safisha viatu tu. Amesema angalau nimwonyeshe risiti, asije mama mdogo akaaibika mbele za watu. Mbele ya mke wangu! Nimemwonyesha feni ya mteja niliyokuwa natengeneza. Nimeiwasha mwendo wa tatu, ikampeperusha nywele. Ameondoka.

Thoa amesema afadhali nimwonyeshe hata yeye huo ujumbe, watu wawili huona zaidi kuliko mmoja. Nimemwambia hii ni kazi ya kichwa kimoja. Ameenda kuosha mchele.

Nimechora ramani ya vyumba. Mama mbele, upande wa jua. Mimi mlango wa pili. Luc juu ya mashine. Ila sijui mashine iko mbele au nyuma. Tatizo.

Jumatano, 1 Machi

Dada Diep kapiga! Amesema nisisahau Ijumaa, saa tano na nusu, gatini, na kitambulisho. Nimeuliza Ijumaa ipi. Ijumaa hii, kaka, keshokutwa. Nimeuliza kwenda kufanya nini. Kacheka, akasema kupanda chombo, kwani nini tena?

Nimechanganyikiwa kwa dakika nzima. Halafu nikaona: ukaguzi! Kumbe mtu anayekodi chombo kizima huitwa akipande kwanza akitazame. Sikujua kama nimekuwa mkubwa kiasi hicho. Ameuliza tutakuwa wangapi. Nimesema niko peke yangu. Ameuliza, na wengine? Nimesema wengine watakuja siku yao ikifika. Ameniomba tena nirudie. Nadhani mtandao wa kwao ni mbovu.

Nimewaambia nyumbani kwamba Ijumaa naenda Hai Phong kununua nyaya za feni.

Ijumaa, 3 Machi, ndani ya basi

Sadfa ya ajabu! Leo ndiyo tarehe kumi na mbili ya mwezi wa pili. Siku yenyewe ya Mama, na ukaguzi umeangukia hapo hapo. Dunia ina mambo.

Mama kaamka alfajiri, kachoma udi mbele ya picha ya Baba, kisha kapika wali wa kunata mwekundu. Ameniambia nisichelewe jioni, kuku atachemshwa. Nimemwambia Mama, saa kumi na mbili niko mezani. Kanifunga kitufe cha shati kama mtoto. Nilitamani kumwambia. Nimejizuia. Nina kitambulisho, futi ya kupimia, penseli na ramani.

Siku hiyo hiyo, jioni. Mahali sijui

Niandike taratibu, huenda nikielewa.

Nilifika gatini kwa wakati. Dada Diep kumbe ni mama wa makamo, mfupi, ana filimbi shingoni. Kauliza mheshimiwa wa miaka themanini yuko wapi. Nimesema yuko nyumbani, mimi namwakilisha. Ameniangalia juu mpaka chini. Akasema masikini, kumbe hawezi tena kutembea. Sikumkatalia, nilikuwa na haraka ya kupima.

Nimepanda. Nimepima chumba cha mbele. Nimeingia chini ya kitanda kusikiliza mashine iko wapi. Mashine ikalia! Nikasema vizuri, wanaijaribu. Nimesikiliza kwa makini vyumba vyote vitano, nimeweka alama. Luc atalala nambari tano, meno yatagongana mpaka asubuhi. Nilipotoka nje nchi kavu haipo.

Sikushtuka. Ukaguzi bila kuzunguka kidogo si ukaguzi.

Wakaniketisha kwenye meza ya watu kumi. Ngisi, kaa, samaki wa mvuke. Wakanivika joho jekundu la wazee na kilemba chake. Wakaleta keki yenye namba themanini. Mpishi, nahodha, dada Diep na mabaharia wawili wakaimba, wakapiga makofi, wakanitakia maisha marefu kama milima. Nikawapongeza. Nikawaambia mazoezi ni mazuri, ila siku yenyewe waimbe kwa sauti ya chini kidogo, Mama hapendi kelele. Wakatazamana.

Saa kumi nimemuuliza nahodha tunageuza saa ngapi, nina kuku nyumbani. Kasema kesho saa tano, mzee. Kesho! Nikasema hapana, safari yangu ni ya tatu mwezi wa tatu. Kasema ndiyo, mzee, leo ni tatu mwezi wa tatu. Nikasema leo ni kumi na mbili mwezi wa pili! Kasema ndiyo, mzee, na hiyo pia.

Nilikaa chini sitahani. Nimehesabu kwa vidole. Nimehesabu tena. Leo ni leo mara mbili. Bado sielewi kwa nini hakuna aliyeniambia.

Nimempigia Thoa. Kauliza niko wapi. Nimesema baharini. Kauliza baharini kufanya nini, na nyaya za Hai Phong je? Nimemweleza. Nyuma yake nilisikia sahani, watu, na sauti ya Luc ikisema mama mdogo chukua paja. Amekaa kwenye kiti changu! Kisha Mama kauliza Khiem amefika wapi. Thoa akamjibu anakuja, Mama, wewe kula tu.

Nimelia. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Mama alingoja maisha yake yote, chombo kimekuja, nimekipanda mimi.

Jumamosi, 4 Machi

Sikuona kisiwa hata kimoja.

Ukungu! Jana nzima, usiku kucha, mpaka asubuhi. Alfajiri dada Diep alitupanga sitahani kufanya mazoezi ya viungo, mikono juu, mikono chini, nikawa naona mikono yangu tu. Kila mara nahodha alikuwa akinionyesha kidole: pale kuna mwamba kama jogoo, pale kama birika. Nikitazama, maziwa matupu.

Nimefika nyumbani na nusu ya keki. Mama alikuwa mlangoni. Nilijiandaa kugombezwa. Hakugomba. Alivuta kiti akaniambia kaa, niambie, viko hivyo kweli? Vinatoka majini vimesimama wima? Vina miti juu?

Nilipaswa kusema kweli. Nilishindwa. Nimemsimulia vyote kama nilivyoviona kwenye televisheni: jogoo, birika, miti, maji ya kijani, jua likichungulia katikati. Mama alikuwa na kipande cha keki mdomoni. Akaacha kutafuna. Mwishoni akasema, "Kumbe baba yako hakunidanganya." Akaenda kumchomea udi.

Sikuweza kumtazama Thoa.

Jioni Luc kapita. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kasema, mdogo wangu, safari ijayo niachie mimi, nawe utakuwa mgeni wetu. Nimesema asante kaka. Usoni nilitabasamu.

Ijumaa, 31 Machi

Nimejifunza mengi mwezi huu. Mtu mzima haanguki shimo moja mara mbili!

Wiki iliyopita Luc alinitumia ujumbe. "Chombo kimepatikana. 2/4. Ukoo wote. Usikose." Mtu mwingine angekurupuka. Mimi nimekaa na daftari nikafikiri. Dada Diep ni mtu wa kampuni, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa ya Wazungu, na hapo ndipo niliponaswa. Luc je? Luc ni mkuu wa ukoo. Ndiye anayetunza kitabu cha siku za kumbukumbu za marehemu wote, na humo hakuna tarehe ya Kizungu hata moja. Luc akisema tarehe, ni ya mwezi mwandamo. Tarehe mbili ya mwezi wa nne, basi, ni mwezi Mei huko, karibu na joto. Rahisi! Sikuhitaji kumuuliza. Nikimuuliza ataniita mdogo wangu.

Thoa kaanza kusema jambo kuhusu tarehe. Nimemwinulia mkono. Nimemwambia safari hii kila kitu kiko wazi kichwani mwangu, asinichanganye. Kasema haya, mradi unajua.

Mama ameshafunga begi lake. Miezi yote hii mbele! Sweta, mafuta ya kuchua, picha ndogo ya Baba. Nimemwacha, uzee una haraka zake. Leo alinishika mkono akaniomba jambo moja tu: asubuhi ile, jua likitoka, nikae kushoto kwake, maana sikio la kulia halisikii vizuri, na nimwonyeshe ni upi jogoo na upi birika, kwa kuwa mimi ndiye niliyeviona. Nimemwapia, Mama, kushoto kwako, siondoki hata nikiitwa na nani.

Na nitakuja na zawadi ya Mama, Luc ajue mimi ni nani. Koti la hariri, la rangi ya buluu, nimeliona dukani. Fedha yake nimeshaipatia njia. Hoteli moja kule Thai Binh ina mafeni arobaini mabovu, wamenitaka niende keshokutwa, Jumapili tarehe 2 Aprili, nitengeneze na nilale huko huko. Nimekubali. Nitatoka kabla Mama na Thoa hawajaamka, na simu nitaizima ili Thoa asinipeleleze.

Luc kapiga simu sasa hivi. Kasema mdogo wangu, chonde chonde, usichelewe. Nimemjibu kaka, safari hii nitakuwa wa kwanza kufika.