Habari za Fundi Bati na Birika la Baba Mkwe

Habari hizi nilipewa na mwanangu, binti wa marehemu dada yangu, Jumatatu iliyopita kabla ya saa sita, tulipokuwa tukikunja mashuka. Yeye kashika ncha mbili, mimi nimeshika ncha mbili, na kila tulipokutana katikati aliniongezea kipande. Mashuka yalipokwisha na habari ilikuwa imekwisha, nami nimeiandika kabla haijanipotea.

Sogeeni basi, enyi wenye masikio. Wewe unayekoroga sufuria, punguza moto uje. Wewe uliyevaa kiatu kimoja, cha pili utakivaa baadaye. Nataka kuwapa habari za vita vilivyopiganwa siku tatu juu ya jiko la mafuta la tambi kumi, vita ambavyo ndani yake hakuharibika kitu ila kijiko kimoja na fulana moja, lakini lau shujaa angeshindwa, mzee wa watu angehama nyumba na binti yake angekuwa analia mpaka leo.

Shujaa wetu ni Fundi Bati, mume wa huyo mwanangu. Ndiye Fundi Bati mfua mabeseni, mziba ndoo, adui wa kutu, ambaye nyundo yake ikianza asubuhi watu wa mtaa wa pili hujua saa bila kutazama. Mikono yake ni mipana kama vibao vya kukatia mkate, na moyo wake ni laini kama siagi iliyosahauliwa juani. Na huo moyo, wala si mikono, ndio ulioleta vita.

Dada yangu alipotutoka, shemeji yangu alibaki katika nyumba tupu akiongea na viti. Huyu ndiye Mzee wa Posta, aliyepanga barua za watu miaka thelathini na minne asifungue hata moja. Binti yake hakuweza kuvumilia, akamleta kwake. Mzee akaja na begi la ngozi, kofia mbili, na birika.

Birika lile alipewa na wenzake siku aliyostaafu, nalo si kama la kwako. Ndani limesimama bomba jembamba katikati, na juu ya bomba kimekaa kikapu cha bati chenye matundu, humo ndimo inamotiwa kahawa iliyosagwa. Maji yakichemka hupanda bombani, hutokea juu, huimwagikia kahawa, huchuja, hurudi chini, hupanda tena. Yanazunguka hivyo mpaka yawe meusi, nawe unayaona yakirukaruka ndani ya kirungu cha kioo kilicho juu ya kifuniko. Dada yangu alikuwa akilitazama kama watu wanavyotazama sinema.

Siku ya pili ya mzee kuhamia, Fundi Bati alimkuta akihangaika kukichomoa kile kikapu, maana kilibana kwenye bomba. Siagi ikayeyuka. "Lete hapa, baba," akasema, akatwaa tupa, akalikwangua tundu la katikati ya kikapu mpaka kikawa kinapanda na kushuka kama pete kwenye kidole cha mtu aliyekonda. Kwani ndivyo wafanyavyo mafundi bati: kila kitu kinachoingia ndani ya kitu huachiwa nafasi ya unene wa ukucha, kisikwame kikipata joto. Mfuniko wa ndoo, nafasi ya ukucha. Mlango wa jiko, nafasi ya ukucha.

Mzee akatazama. Akasema, "Ahsante, mkwe wangu."

Ninyi mmekwisha kuelewa. Shujaa hakuelewa, na hilo ndilo lililomgharimu siku tatu.

Tangu hapo machicha yakaingia katika kahawa, makundi kwa makundi, kama jeshi lisilo na jemadari. Mzee hupiga funda, husita, huweka kidole ulimini, hutoa chembe, huipaka kwenye kisahani. Funda lingine, chembe nyingine. Kikombe kikiisha, kisahani kina mstari mweusi kama siafu waliofia safarini. Na mzee kimya. Mtu atalalamikiaje kinywaji nyumbani kwa mkwewe? Afadhali atafune.

Wiki ya tatu akamwita binti yake, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, Jumamosi baada ya chakula cha mchana, mume wa mdogo wako atakuja kunichukua. Nitakwenda kukaa kwao."

Mume wa mdogo mtu ni Fundi Redio, mwanyumba wake Fundi Bati, na kati ya hao wanaume wawili waliooa dada wawili kulikuwa na mashindano ya chini kwa chini tangu siku ya harusi.

Mwanangu akatoka uani, akainamia beseni la nguo, akalia humo humo ili machozi yaonekane ni maji ya sabuni. Mumewe akamkuta.

"Nini tena, mama watoto?"

"Baba anahama."

"Nani kamkosea?"

"Hakuna. Anasema hewa ya kule ni nzuri."

"Hewa? Wale wanakaa nyuma ya kiwanda cha ngozi."

"Ni kahawa, baba watoto. Nimeviosha vile visahani wiki mbili nzima. Anatema machicha. Akienda kule hatarudi, namjua, ataona haya kurudi. Na mimi sina mama tena, nimebaki na yeye."

Ndipo Fundi Bati akasimama katikati ya ua, nyundo mkononi, akanena kwa sauti iliyowaamsha kuku wa jirani. "Mke wangu, futa uso. Mimi niliyeziba tangi la shule likiwa limejaa maji na walimu wananitazama, mimi niliyelinyoosha bati lililokanyagwa na lori, nitashindwa na vumbi la kahawa? Leo ni Alhamisi. Kabla ya Jumamosi mchana nitalitengeneza birika hili upya, liwe namna ambayo hata aliyelibuni akiliona ataomba radhi."

"Sawa," akasema mkewe. "Ila usilitoboe."

Siku ya kwanza alipigana kwa kitambaa. Akakata kipande cha fulana yake safi, akakitandika chini ya kikapu kama askari anayelala kizingitini, akafunika, akaweka kijiko juu ya kifuniko kiwe mlinzi, akawasha tambi zote kumi. Machicha kweli hayakupita. Maji nayo hayakupita. Birika likaanza kunguruma, likatetemeka, likajaa hasira, na ghafla kifuniko kikaondoka pamoja na mlinzi wake, kikagonga dari, kikatua ndani ya maji ya kuoshea vyombo salama salimini. Kijiko hakikuwa na bahati hiyo. Kilipatikana nyuma ya kabati kimejikunja kama ndoana, na hakijakoroga tena.

"Fulana ile ilikuwa mpya," akasema mkewe.

"Imekufa kifo cha heshima," akajibu shujaa.

Siku ya pili alipigana kwa matundu. Akasema adui anapita kwa kuwa milango ni mipana. Akafua kikapu kipya kabisa, akakitoboa kwa msumari wa viatu, matundu mia nne, madogo hata sindano ingesita. Na tundu la katikati, la kupitishia bomba? Alilikata kama anavyolikata siku zote, na nafasi ya ukucha juu yake. Mkono wake ulifanya hivyo wenyewe, hakuuuliza.

Akapika, akaonja, akatema machicha. Akapunguza moto, akaonja, akatema. Ilipofika alasiri alikuwa ameonja vikombe kumi na saba, macho yamemtoka, anaongea maneno matatu kwa pumzi ya neno moja. Akatoka nje akakamata ndoo ya mama jirani, akaizungushia kiraka.

"Fundi," akasema mama jirani, "ndoo yangu haikuwa imetoboka."

"Na sasa haitatoboka kamwe," akasema Fundi Bati, akarudi vitani.

Jumamosi ikafika. Begi la ngozi limesimama mlangoni na kofia juu yake. Mzee yuko chumbani anafunga kamba za viatu polepole, anafungua, anafunga tena. Jikoni Fundi Bati amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, kikapu mapajani, na silaha zimemwishia. Kwa kukosa la kufanya akamimina kahawa kavu kikapuni, akakining'iniza kwenye bomba juu ya gazeti, akakigongagonga kwa kidole.

Chini ya yale matundu mia nne gazeti likabaki jeupe. Kuzunguka bomba likaandikwa duara jeusi.

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake na sufuria. Akasema, "Nyumbani kwetu hakikulegea hivyo. Mama alikuwa anakivuta kwa koleo, mguu kauweka ukutani."

"Kilibana," akasema Fundi Bati.

"Kilibana sana."

"Nikakilegeza mimi."

Mbele ya mwanangu aliketi jemadari aliyezunguka ngome siku tatu akitafuta ufa, kumbe lango amelifungua kwa mkono wake, tena akashukuriwa.

Lakini hakukaa kitako muda mrefu. Aliinuka, akatwaa wembe, akakata ukucha wa kidole gumba mpaka nyamani, usije ukampotosha tena. Akakata ukanda wa bati, akauviringisha kulizunguka bomba lenyewe, bila nafasi, bila huruma, mkono unataka kuachia naye anaukatalia. Ukanda huo akaukunja pindo kwa pindo ukashikana na kikapu pasipo lehemu, kwa maana lehemu ina sumu ya risasi, haina kazi karibu na kinywa cha mkwe. Ukasimama wima katikati ya kikapu kama kola ya shati la harusi, ukilikumbatia bomba. Halafu akafua kisahani chenye matundu cha kufunika kahawa, maji yaishukie kama manyunyu badala ya kuichimba kama mtaro. Na ili mzee asihangaike tena kukichomoa, akakiwekea kikapu kishikio cha waya chenye kitanzi cha kidole. Kikawa kimebana, na bado kinatoka ukikivuta kwa kitanzi. Jambo hilo halikuwahi kuonekana katika birika lile tangu litoke kiwandani.

Akalibandika birika jikoni. Honi ikalia nje. Fundi Redio aliingia na gari la kuazima, shati limenyooshwa, miwani ya jua inazunguka kidoleni.

"Mwanyumba," akasema, "nasikia unapigana na birika. Nani anaongoza?"

"Kaa," akasema Fundi Bati. "Baba, kikombe kimoja kabla ya safari. Lakini kwanza nina neno."

Akasimama mbele ya baba mkwe wake, mikono nyuma, gumba linauma. "Baba, nimetafuta adui siku tatu. Kahawa yako niliiharibu mimi, siku ya pili ya kuja kwako, kwa tupa. Umekula machicha wiki tatu kwa ajili ya mkono wangu. Naomba radhi."

Mzee wa Posta akamtazama. "Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Tangu siku ile. Niliona tupa inavyokula."

"Sasa baba, si ungesema?" akasema binti yake.

"Niseme nini? Mtu kakuona unahangaika, kaacha kazi yake, kakutengenezea kitu chako kwa mapenzi, uso unang'aa. Utamwambiaje amekiharibu? Nimefikiri wiki tatu, sikupata maneno. Nikaona kuhama ni rahisi zaidi."

Fundi Redio aliacha kuzungusha miwani.

Kahawa ikamiminwa. Mzee akapiga funda. Akasita. Mwanangu anasema hapo macho ya wote yalikuwa kwenye kidole cha mzee, kama kitainuka kwenda ulimini au la. Kidole kikabaki juu ya goti. Funda la pili. Kidole juu ya goti. Akaenda hivyo mpaka chini, akainamisha kikombe kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama kama anayesoma anwani iliyofutika, na kisahani kikiwa cheupe kama kilivyotoka kabatini.

"Ongeza," akasema.

"Baba," akasema Fundi Redio, "gari linawaka huko nje."

"Kalizime, uje unywe."

Fundi Redio akaenda akalizima, akanywa, akachungulia ndani ya kikombe chake, akanywa tena. Mwisho akasema bila kumtazama mtu, "Mwanyumba, na mimi unaweza kunifulia birika kama hili?"

Na hayo, ndugu zangu, kutoka kinywani mwa Fundi Redio, ni sawa na mji kusalimu amri na kuleta funguo.

Mzee wa Posta akaomba kalamu. Akaiendea kalenda ya ukutani, akatafuta Jumamosi ile, na kwa mwandiko wa karani, ulionyooka kama reli, akaandika: *Leo kikapu cha birika kimewekewa kola. Sihami.* Akatia sahihi. Akamwambia mkwewe atie sahihi chini yake, naye akatia kwa gumba linalovuja damu, kwa hiyo ukurasa una muhuri pia. Kalenda hiyo nimeiona mwenyewe, wamekataa kugeuza mwezi.

Kisha mzee akavua viatu, akajinyoosha kwenye kochi na kofia usoni, akalala kama mtu aliyeteremshiwa mzigo. Fundi Redio, aliyesema anapumzika kidogo tu, akalala kwenye mkeka. Fundi Bati, na vikombe vyake vyote tumboni, alibaki macho akimweleza mkewe jinsi mdomo wa birika nao unavyoweza kuboreshwa. Akaeleza pembe yake, akaeleza urefu wake, akafika katikati ya neno, akalala ameketi.

Mwanangu akamtoa nyundo mkononi taratibu. Akatoa vikombe, akavuta pazia dhidi ya jua la saa tisa, akalichukua begi la ngozi mlangoni akalirudisha chini ya kitanda cha baba yake, akalisukuma kwa mguu mpaka likagusa ukuta. Halafu akajilaza pembeni ya mkeka, akasikiliza wanaume watatu wakikoroma kwa zamu, akafumba macho, akalala na yeye.