Yah: Kuuawa Kwangu Katika Ukurasa wa Tatu

Kwa Mwalimu wa Darasa la Kuandika Tamthilia,
Ukumbi wa Jamii, chumba cha nyuma, kila Alhamisi alasiri.

Mwalimu Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Mimi sijambo, ingawa kwa mujibu wa maandishi uliyoyapitisha wewe mwenyewe, nimeshazikwa.

Mimi ni mume wa yule mshonaji wa sare za shule anayekaa mstari wa mbele darasani kwako, yule ambaye tepu ya kupimia haimtoki shingoni. Kazi yangu ni useremala. Tangazo la darasa lako nililiona mimi, nilipokuja kubadilisha bawaba za mlango wa ukumbi, nikampelekea mke wangu nikidhani ni la kupunguzia mawazo. Miezi minne imepita. Tamthilia yake inaonyeshwa Jumamosi ijayo, mtaa mzima umealikwa, na mume aliyemo ndani yake hamalizi hata ukurasa wa tatu. Naandika kwa heshima na bila hasira. Kalamu hii ni ya pili kwa sababu ya kwanza ilivunjika yenyewe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Uliwaagiza wanafunzi wasikilize watu wanavyozungumza hasa, na waandike. Mke wangu ni mtiifu kwa kila mtu isipokuwa mimi. Alianza kuandika maneno yangu kwenye karatasi zake za kukatia vitambaa, kwa chaki ya fundi, hata kuna suruali za darasa la tano zilizokatwa juu ya ugomvi wetu wa bomba la jikoni. Nikikohoa, anaandika "anakohoa". Nikaona heri ninyamaze. Na huko kunyamaza ndiko kulikoniponza.

2. Uliposahihisha rasimu ya kwanza, uliandika kwa wino mwekundu pembeni mwa mhusika aitwaye Mume: "Huyu anataka nini? Mhusika asiyetaka kitu ni fanicha." Mwalimu, nimetengeneza fanicha miaka thelathini na sijaona ubaya wake. Basi mke wangu akarudi nyumbani, akaketi mbele yangu, akaniuliza kwa upole, "Baba Watoto, hivi wewe unataka nini?" Nikamjibu ukweli: "Chai, kama ipo." Akanitazama kwa huruma, akaenda kunikata kwenye tamthilia. Ningejua ni mtihani ningetaka kitu kikubwa. Ningetaka hata kiwanda.

3. Nilihukumiwa bila kusikilizwa. Nimeambiwa darasa zima, watu tisa, mlijadili kama nina faida jukwaani, kisha mkapiga kura nife. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu tumbo moja, ambaye vitanda vyote vya nyumbani kwake nilivitengeneza mimi, aliinua mikono yote miwili. Kikulacho ki nguoni mwako. Tena nimekufa kwa homa, nje ya jukwaa! Sikupewa hata nafasi ya kuanguka mbele za watu.

4. Usiseme sikujitahidi kujirekebisha. Nilisoma daftari la mke wangu, nikaona umefundisha kwamba kila onyesho lazima liwe na mgogoro. Jumatatu wakati wa chakula nikasimama ghafla, nikatangaza kwamba sitakula tena katika nyumba hii mpaka nijue ukweli. Mke wangu akauliza, "Ukweli upi?" Hapo sikuwa nimejiandaa, nikakaa nikala. Jumanne niliubamiza mlango. Ukang'oka. Nikaurudishia mwenyewe, mama mkwe, tunayeishi naye, akinishikia misumari na kunieleza taratibu kwamba mlango ukishabamizwa, aliyeubamiza anatakiwa awe ameondoka, si anatafuta nyundo. Huyo mama hajakanyaga darasani kwako. Ameyapata yote kwa kusikilizia ukutani mke wangu anapojisomea daftari. Jumatano nikatangaza kwamba nina siri. Wakaacha kazi, wakanisubiri. Mwishowe mke wangu akasema, "Kama ni ule mguu wa kabati ulioukata ukawa mfupi ukaunganisha kwa gundi, tunaujua siku nyingi." Ni vigumu sana, Mwalimu, mtu kuwa na siri mbele ya watu wanaompenda.

5. Mazoezi yanafanyika sebuleni kwangu. Mke wangu ndiye mjane, na anajua kulia, hilo simnyimi. Jirani wa nyumba ya pili alimsikia kupitia dirishani akaja mbio kutoa pole. Mlango nilimfungulia mimi. Alinitazama juu mpaka chini, na kwa kuwa pole alikuwa ameshaiandaa, akanipa mimi.

Halafu kuna yule muuza magazeti wa darasani kwako. Anacheza rafiki wa familia anayekuja kumfariji mjane, na katika onyesho la nne anamshika mkono. Nimehesabu: anaushika kwa muda wa kutosha kupiga msumari wa inchi nne. Najua kwa sababu nilikuwa naupigilia wakati huo huo, maana kutengeneza mandhari ya jukwaa nimeachiwa mimi: mlango mmoja, dirisha moja, na kiti cha marehemu. Kiti changu cha umarehemu nimekitengeneza kwa mikono yangu, kwa mbao nzuri, nikakipiga msasa mara mbili.

6. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwenye tamthilia hii mimi sipo, lakini langu lipo. Kiti hicho kinakaa katikati ya jukwaa tangu pazia kufunguliwa hadi kufungwa, na katika onyesho la mwisho mjane anazungumza nacho kurasa sita. Kurasa sita! Nimeishi na mwanamke huyu miaka ishirini na sita na sijawahi kupewa hata mbili kwa mpigo. Tena sijazisikia. Akifika hapo ananituma karakana, eti bado hazijaiva. Nitalisema wazi kwa sababu ndilo linaloninyima raha: kuna mambo mke wangu anakiambia kiti ambayo mimi hajaniambia. Nakionea wivu kiti.

Kutokana na hayo, naomba kwa unyenyekevu:

(a) nifufuliwe kabla ya Jumamosi;
(b) nipewe mistari isiyopungua kumi, mmoja uwe wa kufoka;
(c) kiti kitolewe jukwaani;
(d) muuza magazeti afe badala yangu. Homa ile ile itamtosha.

Maombi haya yakikataliwa, nitachukua mlango wangu na dirisha langu, na wahusika wako watafute wenyewe pa kuingilia na pa kutokea.

Nisalimie wanafunzi wote, hata walioinua mkono mmoja tu. Mama anayefagia ukumbi mwambie bawaba zikipiga kelele azitie mafuta, asizipige teke. Shemeji yangu usimsalimie, mwache ajiulize. Mama mkwe anakusalimu sana na anasema onyesho la pili limerefuka mno.

Wako ambaye bado anapumua,
Marehemu wa Ukurasa wa Tatu,
Fundi Seremala.

N.B. Nilikuwa natafuta bahasha mke wangu aliponiita sebuleni. Alitaka kujaribu onyesho la mwisho na mtu amekaa kwenye kiti, apate pa kuelekeza macho, na muuza magazeti alikuwa na wateja. Akanipa sharti: marehemu hasemi. Nikakaa, naye akazisema zote sita. Humo yumo mwanamume aliyekuwa akitia mafuta cherehani ya mkewe kila asubuhi kabla mkewe hajaamka, asiseme, na mke naye akijifanya hajui, kwa kuogopa kwamba akishukuru, mume ataacha. Mwalimu, mimi nilidhani hakuna aliyeniona. Nikalia. Akanigombeza, "Marehemu halii! Tuanze tena." Tukaanza tena mara tatu. Barua hii naituma hivyo hivyo kwa kuwa nimeshaihangaikia, lakini maombi (a), (b) na (c) yafute. Niache nife ukurasa ule ule, ila Jumamosi niruhusiwe kukaa kwenye kiti. Mistari sihitaji hata mmoja. Kuhusu (d), muuza magazeti anaweza kuishi, lakini ule mkono naomba muufikirie upya.