Mizani ya Daktari Nestory

Basi la Dareda lilikuwa limeshawasha injini, na Nestory alikuwa ameshakaa kiti cha dirishani, anaihama Babati kwa heshima. Heshima yenyewe alijipa mwenyewe. Wakulima wa Mutuka, aliowanunulia mbaazi msimu mzima, walikuwa wanamtafuta wamuulize kwa nini gunia likiwa nyumbani ni zito na likifika kwake linakuwa jepesi. Mizani iliyofanya kazi hiyo, ile ya sahani pana chini na saa kubwa juu, ilikuwa bado chini kando ya basi, inasubiri kupandishwa kwenye keria.

Huko Dareda alikuwa anangojewa na mzee Teodori, baba yake Careen, binti aliyemchumbia. Mzee alikuwa ameahirisha siku ya mahari mara mbili kwa ajili ya Nestory, na alishasema ya tatu ndiyo ya mwisho, maana kuna mwalimu wa sekondari anapitapita pale nyumbani na hajawahi kuja mikono mitupu. Nestory alikuwa anakwenda kuomba hiyo ya tatu, akiwa na mikono mitupu.

Ndipo mama mmoja mnene, aliyekuja stendi kupokea mzigo, akapanda juu ya mizani.

"Konda, hiki kitu kinapima watu?"

"Kinapima chochote, mama, ilimradi kisikimbie."

Saa ikazunguka, ikasimama. Mama akaitazama, akashuka, akapanda tena. Huyu alikuwa Hilaria, wenyewe wanamwita Mama Kindness, mwenye ghala la nafaka karibu na soko.

"Juzi tu hospitali wamenipima kwa ajili ya presha," akasema. "Leo nimepungua hivi?"

Akatabasamu. Nestory akaliona tabasamu lile kupitia dirishani, na hakuwahi kuona mkulima yeyote akitabasamu juu ya chuma kile. Nyuma ya Mama Kindness tayari walikuwa wamepanga foleni muuza mandazi, abiria wawili na sista mmoja, na kila aliyeshuka alishuka na furaha. Mizani iliyofukuzwa Mutuka ilikuwa inashangiliwa Babati.

Nestory akateremka.

"Nauli hairudi," konda akamwambia.

"Baki nayo. Nimepata wagonjwa."

Haikupita wiki, watu wenye miili na uwezo wakaanza kuona kwenye simu zao tangazo la programu iitwayo Moyo Mwepesi Mtandaoni, chini ya Daktari Nestory. Udaktari huo alijipa kwa njia ileile aliyojipa heshima. Ukilipa ada unaingizwa kwenye kundi la wasapu. Kila asubuhi Daktari anatuma ujumbe wa sauti, kwa sauti nzito ya mtu aliyeamka zamani: kunyweni maji ya uvuguvugu, tembeeni, mafuta mtayaacha lini? Kila mchana wewe unatuma picha ya sahani yako. Jumamosi unakwenda Nangara, kwenye chumba alichopanga, unapimwa. Asiyepungua anarudishiwa ada yake yote.

Hakuna aliyerudishiwa. Nyuma ya saa ya mizani kulikuwa na skrubu, na kila Ijumaa Daktari aliikaza kidogo.

Severini, mwenye bucha, alikuwa mwanachama hodari kuliko wote. Kila mchana alituma picha ya mchicha. Baadaye ikagundulika kwamba ni mchicha uleule, sahani ileile, na nzi yuleyule amekaa pembeni. Lakini Jumamosi alipungua kama wengine.

"Daktari, mimi sijui hata nimefanya nini," alikiri.

"Moyo wako ndio umefanya," Daktari akamjibu.

Ahirisho la tatu alikuwa ameliomba kwa simu, na ada zikatosha mahari. Nestory alimpigia mzee Teodori akamwambia Jumapili anakuja, aite wazee. Mzee akasema atawaita, na kwamba mwalimu naye ameomba jibu siku hiyohiyo.

Mtu mwingine angepanda basi siku ileile. Lakini Ijumaa alikuja Mama Kindness.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Daktari. Hawa watu wako wamepungua, sasa watakula nini wasirudi walikotoka? Watafutie unga wa uwele. Mimi ninao ghalani, umejaa. Nunua kwangu, kesho uwauzie kwa bei ya kidaktari. Nimeshaongea nao, wanausubiri."

Nestory akaona ng'ombe wa mahari wakizaa kabla hawajafika Dareda. Akachukua fedha yote ya mahari, akanunua magunia hadi chumba cha Nangara kikakosa mlango. Kila gunia lilipimwa mbele ya macho yake kwenye mizani ya Mama Kindness, yenye muhuri wa serikali. Jioni, kwa kuwa kesho ilikuwa siku ya kuaga wanachama, akaikaza skrubu ya mizani yake hadi ikagoma kwenda mbele.

Jumamosi watu walijaa uani. Mama Kindness akasimama.

"Tupime miili kwanza, halafu unga. Tusichanganye."

Wakapimwa. Walikuwa wamepungua hadi Severini akashika suruali isije ikaanguka, ingawa ilikuwa inambana. Makofi yakapigwa. Daktari akainama kidogo, akalivuta gunia la kwanza.

"Haya jamani, unga nitauza kwa gunia."

"Gunia?" Severini akaruka. "Gunia ndilo linalotutoa machozi tangu tuzaliwe! Lumbesa, magunia ya kushindilia hadi yavimbe, zimewamaliza baba zetu. Kilo, Daktari, kilo."

"Na kwenye mizani hii hii," akasema Mama Kindness, "ndiyo tunayoiamini. Au Daktari ana wasiwasi nayo?"

Watu wote wakamtazama. Ada zao zilikuwa zimekwisha kugeuka unga.

"Sina wasiwasi," akasema Nestory.

"Basi weka."

Gunia likapandishwa. Saa ikazunguka kivivu, ikasimama mbali sana na pale inapotakiwa.

"Halijatimia," wakasema.

"Ongeza."

Akafungua gunia la pili, akachota, akaongeza. Akachota tena.

"Hata unga umepungua!" Severini akacheka hadi akajifuta machozi. "Daktari, nao uliuingiza kwenye kundi?"

Nestory akamvuta Mama Kindness pembeni.

"Mama, naona magunia yako yalikuwa pungufu."

"Ulikuwepo nikipima. Nikatume mizani yangu iletwe, tuiweke hapa kando ya yako, watu wapande zote mbili?"

"Hakuna haja."

"Nilijua huna."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu stendi. Mwanangu, mimi nimepima nafaka tangu hujazaliwa. Mtu hapungui kwa kupanda juu ya chuma. Na zile mbaazi za Mutuka ulizopunja, nyingine ni za shamba la mama yangu. Rudi, watu wanasubiri."

Akarudi. Alichota mchana kutwa.

Alipomaliza, alichopata hakikufika hata nusu ya alichotoa, na chumbani lilibaki gunia moja. Mizani aliiacha palepale.

Severini bado ana bucha. Alinunua suruali mpya, kubwa zaidi. Kundi la wasapu halikufa. Mama Kindness ndiye analiongoza, na kila asubuhi anawatembeza kwa miguu kutoka Nangara hadi Bonga. Hakuacha dawa zake hata siku moja, na presha yake imeshuka. Faida ya unga alisema ameipeleka Mutuka. Mutuka wanasema imefika kiasi. Mizani ya Nestory ilivunjwa ikauzwa chuma chakavu. Mnunuzi aliipima kwenye mizani nyingine.

Careen aliolewa na yule mwalimu. Nestory, ambaye kwa uchotaji ule na mawazo yaliyofuata ndiye pekee aliyepungua kweli katika programu nzima, alihudhuria harusi na zawadi ya lile gunia moja la unga wa uwele. Mzee Teodori alilipima kabla ya kulipokea. Lilikuwa kamili.