Ombi la Kurudishwa Katika Wokovu Wangu wa Zamani

Kwa Baba Mchungaji,
Kupitia kwa Katibu wa Kanisa (ambaye naomba asiifungue, ingawa najua ataifungua).

YAH: KUANDIKWA MWONGOFU MPYA MARA NNE NDANI YA SIKU KUMI

Baba Mchungaji,

Bwana asifiwe sana. Natumaini u mzima, mama mchungaji ni mzima, na lile jino lake limetulia. Mimi ni mzima wa mwili. Habari za roho ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Mimi ni yule mwokaji mikate wa nyumba ya tatu kutoka kanisani, jirani na fundi saa. Najitambulisha kwa sababu Jumapili iliyopita ulinishika mkono mlangoni ukaniambia, "Karibu sana nyumbani mwa Bwana, usione aibu, kaa popote." Baba, mimi ni mzee wa kanisa lako mwaka wa kumi na tisa huu. Hiyo meza unayoisomea barua hii niliibeba mimi na shemeji yangu kutoka kwa seremala, na ngazi za ofisini kwako bado zina alama ya goti langu.

Sina ugomvi na wageni wetu wa misheni. Walikuja kumi na wawili, watu wa heshima zao. Walipaka rangi darasa la watoto bega kwa bega na vijana wetu, wakaimba na kwaya yetu bila kujua walichokuwa wakikiimba, na mmoja alichimba mtaro mpaka viganja vikamtoka malengelenge, akafungwa kitambaa, akarudi mtaroni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nimepona kupita kiasi. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Swali lenyewe. Alhamisi ya kwanza ya ziara, saa nne asubuhi, aliingia dukani kwangu yule mgeni mrefu, mwalimu wa hesabu mstaafu, ambaye sote tulimwita Mzee Daftari kwa kuwa daftari halikumtoka mkononi hata alipokuwa juu ya ngazi na brashi ya rangi. Mwinjilisti wetu, aliyepaswa kumtafsiria, alibaki nje akibishana na fundi saa juu ya mpira. Basi mgeni akatumia zile sentensi kumi alizofundishwa na Katibu. Akanitazama machoni kwa upendo mwingi, akaniuliza, "Baba, umeoka?"

Baba Mchungaji, nilikuwa nimesimama mbele ya tanuri. Nilikuwa na unga mpaka kwenye nyusi. Nyuma yangu ilikuwapo mikate mia mbili inapoa. Ulitaka nijibu nini? Nikasema, "Nimeoka, baba." Akauliza, "Lini?" Nikasema, "Leo alfajiri." Akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa machozi, akaandika. Nikajisemea moyoni, huyu sasa ndiye mteja.

Nimekuja kufahamishwa kwamba alitaka kujua kama nimeokoka. Katikati ya neno hilo pana "ko" ambayo mgeni aliimeza, na kwa ajili ya hiyo "ko" moja sina raha nyumbani, sina kiti kanisani.

2. Kurudiwa kwa swali. Ijumaa akaja mgeni wa pili, akauliza lile lile, nikajibu lile lile: nimeoka, leo alfajiri. Jumatatu akaja wa tatu. Huyu alikuwa mdadisi, akauliza na habari za jana yake. Nikamwambia ukweli, kwamba jana nilioka pia, lakini nilipitiwa na usingizi, nikaunguza yote, ikabidi nianze upya. Taarifa ya wageni, ambayo Katibu ameitafsiri na kuibandika ubaoni ikiwa na mhuri wa kanisa, inasomeka hivi: "Mwokaji. Aliokoka Jumapili, akapitiwa, akarudi nyuma siku hiyo hiyo. Jumatatu ameanza upya. Aombewe sana." Watoto wa shule ya Jumapili wamekariri mstari huo.

Mara ya nne ndiyo iliyonimaliza. Jumatano alasiri, tanuri limeshapoa, aliingia yule mama muuguzi na wenzake wawili. "Umeoka?" Nikasema leo bado, mama, hamira imeniishia, nitaoka kesho. Loo! Alinishika mikono yote miwili akasema, "Usingoje kesho! Leo! Leo!" Nikamwambia kesho si mbali. Akasema kesho si yangu. Nikaona mama wa watu ana njaa ya kweli. Nikakimbia mtaa wa pili kuazima hamira, nikawasha tanuri, nikakanda mikate sitini jua likizama, na wao wamenizunguka wanaimba. Nilipofungua tanuri walipiga makofi. Katika taarifa imeandikwa kwamba mwongofu huyo alijawa na furaha, akawaandalia karamu. Furaha gani, Baba? Mgongo ulikuwa unaniuma!

3. Mke wangu. Kama unavyojua, mama watoto ni mwenyekiti wa akina mama wa maombi, na akianza kuomba hata jenereta huzimwa ili asikike. Mzee Daftari aliniuliza, "Na mke, ameoka?" Nikacheka. Nikamwambia, "Huyo? Hajui kabisa. Nimemfundisha miaka ishirini na mbili, amenishinda." Imeandikwa hivyo hivyo, ubaoni, chini ya kichwa WENYE MIOYO MIGUMU, na yumo peke yake.

Sasa wageni wamerudi kwao na wametutumia ujumbe kwamba kanisa lao zima, watu mia tatu, wanafunga kila Ijumaa kwa ajili ya mke mgumu wa mwokaji. Mke wangu alisomewa ujumbe huo mbele ya akina mama wake. Alirudi nyumbani, akavua kitambaa cha kichwa, akaniambia, "Baba watoto, kwa hiyo mimi ndiye nimekushinda?" Hajasema sentensi nyingine ndefu kuliko hiyo tangu siku hiyo. Chai napewa, lakini napewa na mkono tu.

Mama mkwe wangu naye amepiga simu. Amesema anamshukuru Mungu kwamba hatimaye nimeokoka, kwani amekuwa akiniombea tangu siku ya posa.

4. Kiti changu. Kanuni yetu, kifungu cha saba, ambacho nilikiunga mkono mimi mwenyewe kwa kunyoosha mkono, inasema mwongofu mpya asiwe mzee wa kanisa kabla ya kumaliza darasa na kukaa mwaka mzima. Kwa kuwa nimeokoka mara nne, Katibu amepiga hesabu, amepata miaka minne. Nilimwambia, "Ndugu yangu, wewe unanijua tangu tuko wadogo tunaiba mapera." Akajibu kwamba kunijua ananijua, lakini daftari ni daftari, na mapera hayo nayo ameyaongeza kwenye faili. Kiti changu cha mbele sasa anakikalia muuza miwani, mtu ambaye husinzia tangu wimbo wa kwanza na miwani yake mwenyewe puani.

5. Ushuhuda. Nimepangiwa kutoa ushuhuda Jumapili ijayo, dakika kumi na tano, kuhusu maisha yangu ya giza. Giza lipi? Mimi hulala mapema. Mwongofu aliyenitangulia alikuwa mwizi wa ng'ombe, kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mimi nikisimama niseme nini, kwamba mwaka ule wa unga wa shida nilipunguza mkate ukubwa kidogo, kidole kimoja tu, halafu nikasahau kuurudisha? Vijana wamenishauri nitafute dhambi nzuri zaidi, na mmoja amejitolea kunitungia.

6. Fundi saa. Hili ndilo zito kuliko yote. Jirani yangu huyu alipoulizwa kama ameoka, alijibu kwa uaminifu, "Mimi sioki, nanunua kwa huyu jirani." Wakamuuliza tena, maana walidhani hawakusikia vizuri. Akafafanua kwamba hununua kila siku, wa moto kwa bei kamili, na wa jana huuziwa nusu bei. Baba Mchungaji, leo mimi nina barua ya kuitwa mbele ya kikao cha nidhamu Jumamosi saa tatu, nikajibu shtaka la KUUZA WOKOVU KWA REJAREJA, NA ULIOCHACHA KWA NUSU BEI. Kikao hicho kwa miaka kumi na tisa kimekunywa chai kwa mkate wangu. Nilimwomba fundi saa aje kunitetea. Amekubali, ila anasema atawaambia ukweli, kwamba wangu ni mlaini kuliko wa mahali pengine popote, na hapo ndipo nitakapofukuzwa moja kwa moja.

Kwa sababu hizo naomba kwa unyenyekevu mkubwa:

Kwanza, niondolewe katika wokovu huu wa mara nne, kwa maandishi na kwa mhuri, nirudishwe katika wokovu wangu wa zamani, ambao ulikuwa haujaisha. Kama utaratibu unadai nipotee kwanza ndipo nirudi, niko tayari kupotea Ijumaa jioni, dukani kwangu, mbele ya mashahidi wawili.

Pili, mke wangu atolewe katika mioyo migumu, na wale watu mia tatu waambiwe wale chakula. Wengine kati yao huenda ni wagonjwa.

Tatu, mwakani wageni wafundishwe neno lisilo na "ko". Ikishindikana, sentensi hiyo wapewe watu wa mtaa usio na tanuri.

Nne, na hili nimelifikiria sana nikikanda unga: haki itendeke pande zote. Naomba kanisa letu nalo liandae ziara ya siku kumi kwenda kwao, waokaji kumi na wawili, chini ya uongozi wangu. Tutajifunza sentensi kumi za lugha yao, tutameza silabi tutakazopenda, tutaingia madukani mwao saa za kazi na kuwauliza habari za roho zao, na chochote watakachojibu tutaandika. Tutawapakia rangi ukuta, hata kama ukuta wenyewe hauna shida. Tutapiga picha na watoto wao. Halafu turudi kwetu, tufunge kila Ijumaa kwa ajili ya mke wa yule mwalimu wa hesabu, ambaye simjui, lakini sina shaka kwamba naye kuna kitu kimoja hakijui.

Nakuomba ulitazame jambo hili kabla ya Jumamosi saa tatu. Mtu aliyelibebea kanisa meza hafai kukaribishwa mlangoni kama aliyekuja kuuliza njia. Imeniuma, Baba, nasema wazi, imeniuma sana.

Nisalimie mama mchungaji, watoto, kwaya yote, besi kwanza, kisha hao wengine. Nisalimie mlinzi wa lango, ambaye bado ananiita mzee. Msalimie Katibu, kwa kuwa najua amefika mstari huu. Hata muuza miwani msalimie, akiamka.

Ni mimi wako katika Bwana, tangu zamani,

Mwokaji Mikate,
Mzee wa Kanisa (naomba isikatwe)

N.B. Baba Mchungaji, barua hii imekaa mfukoni mwa koti langu siku nne, na kuna jambo la kuongeza. Jumanne nilikwenda darasa la waongofu wapya. Sikwenda kujifunza, nilikwenda kukusanya ushahidi wa kikao. Tulikuwa tisa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Mwalimu akauliza swali la kwanza, kila mmoja ataje siku aliyookoka. Mwizi wa ng'ombe akataja, mpaka saa. Msusi akataja. Zamu yangu ikafika. Nikaitafuta, Baba. Nikaikuta siku niliyonunua tanuri, siku niliyochaguliwa mzee wa kanisa, siku niliyopewa kile kiti cha mbele. Hiyo nyingine nimeitafuta tangu Jumanne mpaka leo, sijaiona.

Kwa hiyo naomba usilifute kwanza jina langu katika orodha ya waongofu wapya. Muuza miwani mwacheni akae. Mwalimu ametuambia wiki ijayo kila mtu aje na daftari lake. Nimenunua mawili, kwa sababu nilipofika nyumbani nilimuuliza mke wangu lile swali la mwalimu, siku aliyookoka, kwa "ko" yake kamili, naye akaketi, akaanza kuitafuta na yeye.