Mursik kwa Mrushaji

Jumatatu, 20 Julai 2009

Tumeshindwa tena. Nimetazama mpaka mwisho, kwa sababu mimi si mtu wa kukimbia. Mrushaji mpya wa timu yetu ya besiboli, yule kijana ninayemwita Shingo kwa urefu wa shingo yake, alirusha mipira kama mtu anayerushia kuku mahindi. Wageni wakala wakashiba. Kituo cha kwanza alisimama yule ninayemwita Mheshimiwa. Huyu analipwa kuliko wenzake wote na hakimbii. Akigonga mpira anasimama kuutazama, utadhani mbunge anayengoja kufunguliwa mlango wa gari. Na meneja wetu, Bwana Mbegu? Alikaa anatafuna mbegu zake za alizeti na kutema maganda. Sina hakika kama anajua kuna mchezo unaendelea.

Wenye timu nao wana tabia moja: mchezaji akijua tu kugonga mpira, wanamuuza. Hakuna mkulima anayechinja kila ng'ombe anayeanza kutoa maziwa. Wenye besiboli ya Washington huchinja.

Lakini si hayo yanayoniuma. Jana baada ya ibada tulijadili matembezi ya ushirika wetu wa Waafrika Mashariki hapa Langley Park. Gichuki, katibu wetu, anayeendesha teksi ya uwanja wa ndege na kukaa Springfield ambako eti watu wana nyasi, akapendekeza mbuzi wa kuchoma bustanini. Mimi nikapendekeza uwanja wa besiboli. Akacheka mbele ya akina mama. Akauliza, tunawapeleka watoto kwa mchezo ama kwa matanga? Damu ikanichemka. Nikasema Jumapili ijayo tutakwenda uwanjani, na timu yangu ikishindwa, mimi Elkanah Kiprotich naacha uenyekiti.

Watu wakapiga makofi. Mpaka sasa sijaelewa walikuwa wanapigia nini.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Wiki nzima niko Rockville kwenye nyumba ya wazee. Nawageuza vitandani, nawavisha soksi, naitwa kwa kubonyezwa kitufe. Jumapili peke yake nashika kengele ndogo ya shaba, naitikisa, na watu wazima wenye digrii wananyamaza. Wananiita Mwenyekiti. Nikiipoteza kengele ile nitabaki na soksi.

Jumanne, 21 Julai

Mungu hamtupi mja wake.

Katika wazee wangu yuko Bi. Ernestine Tolliver, mwalimu mstaafu, Mmarekani mweusi. Alijifunza Kiswahili ujanani, darasa la jioni, wakati wenzake walipokuwa wanatafuta asili yao. Kiswahili chake kimepigwa pasi. Mimi changu nilikipata shuleni kwa viboko, nacho bado kina makunyanzi. Ananiita Ndugu Elkanah. Redio yake haizimwi timu inapocheza, na mjukuu wake, Desmond Tolliver, ndiye mrushaji pekee wa kweli tuliye naye.

Leo nilipokuwa namfunga viatu akasema: "Ndugu Elkanah, mjukuu wangu atarusha siku ya Jumapili. Mkono wake ni mzima. Lakini meneja ni mtu bure kabisa."

Niliachia kiatu. Desmond! Jumapili! Nikauliza kwa upole kama atakuja kumsalimu bibi yake kabla ya hapo. Akasema huja kila Ijumaa.

Ndipo wazo likanijia. Kwetu, mkimbiaji akirudi na medali anapokewa kwa kibuyu cha mursik, maziwa yaliyochachuka, yaliyotiwa mkaa wa mti wetu wa senetwet. Dunia nzima inatujua kwa kushinda mbio. Gichuki husema ni hewa ya milimani. Hewa haijawahi kumshibisha mtu. Ni mursik. Na kama inamfanyia mema mtu aliyekwisha kushinda, itamfanyia nini yule ambaye bado?

Kibuyu tunacho. Shangazi alituletea ndani ya sanduku, amekivingirisha kwa sweta, na mkaa wake kando.

Jumatano, 22 Julai

Chelagat amenikuta nasugua kibuyu. Mke wangu ni muuguzi, kwa hiyo anajiona anajua mambo ya matumbo. Akauliza nani ameshinda nini. Nikamweleza. Akaketi.

"Elkanah, mursik ni ya kumpokea mtu aliyerudi," akasema. "Wewe unampokea mtu ambaye hajatoka nyumbani."

Akaongeza kwamba hata mama yake, aliyezaliwa katika maziwa yale, hakuthubutu kumpa mgeni kibuyu kizima siku ya kwanza. Nikamwambia wanawake wabaki jikoni. Akanikumbusha kuwa nilikuwa nimesimama jikoni.

Tatizo ni muda. Mursik nzuri hutaka siku nyingi mahali pa baridi, na Ijumaa ni keshokutwa. Nimefikiri sana. Nimepata jibu. Joto huharakisha kila kitu. Nimekijaza kibuyu maziwa na mkaa, nikakiweka kwenye buti ya gari langu.

Alhamisi, 23 Julai

Joto la ajabu. Lami ya maegesho ya Rockville inanata viatuni. Nilipokwenda kuangalia wakati wa chakula cha mchana, kifuniko cha kibuyu kilikuwa kinajiinua chenyewe. Ishara njema: kuna nguvu mle ndani. Nimekifunga kwa kamba ya kiatu.

Gari lina harufu. Nimefungua madirisha.

Ijumaa, 24 Julai

Imefanyika.

Desmond ni mtu mkubwa, mpole, mlango wote ulijaa alipoingia. Akambusu bibi yake. Nikaingia nyuma yake na kibuyu nimekishika kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha Jumapili kwamba nchini kwetu hiki ni kinywaji cha mabingwa. Nikafungua kamba. Kifuniko kiliruka mpaka kwenye pazia.

Mursik ikatoka ya kijivu, yenye mapovu. Desmond akaitazama, kisha akamtazama bibi yake, macho ya mtoto anayepelekwa kuchanjwa. Bi. Ernestine akamwambia, kwa Kiswahili kwanza na kisha kwa lugha yake, kwamba aliyelelewa vizuri hakatai akipewa. Akanywa. Machozi yakamlengalenga. Akataka kurudisha kibuyu. Nikamwambia kwetu hakibaki kitu.

Akamaliza. Akanishukuru. Aliketi akishika kiti, nadhani nguvu zilikuwa zinaingia.

Nimerudi nyumbani naimba.

Jumamosi, 25 Julai

Gichuki ametuma ujumbe kwa simu: "Mwenyekiti, usisahau kengele kesho." Ameliandika neno Mwenyekiti bila aibu. Nimeusoma mara nyingi nikitafuta matusi ndani yake. Yapo, ila ameyaficha.

Mtu mwenye akili halali na mpango mmoja. Itakuwaje Desmond akifanya kazi yake na Mheshimiwa asikimbie? Nimekumbuka siasa za kwetu. Mkubwa akitangaza kwamba anaondoka, haondoki. Watu hujaa uani kwake na kumsihi, wazee wanatuma wajumbe, mwisho anasema basi, kwa ajili yenu, nitabaki. Anabaki na nguvu mpya.

Kwa hiyo tukizidiwa, sitangoja mwisho. Nitasimama mapema, nijiuzulu kwa unyenyekevu, na kabla machozi hayajakauka, Mchungaji Gervas atasimama na kusema: "Mwenyekiti, hatukubali." Yeye ni Mtanzania, ana sauti ya kueneza neno. Wengine watafuata. Nimempigia simu, amekubali. Aliniuliza tu kama uwanjani wanauza soseji. Nikamwambia tele.

Chelagat anasema mtu akitaka kukaa, hukaa tu. Hajui uongozi.

Jumapili, 26 Julai

Nitaandika yote.

Tulikwenda kwa treni, ushirika mzima, akina mama na vyombo vya pilau ambavyo walinzi wa getini walivikagua kwa mashaka. Tukapata viti vya juu kabisa, karibu na Mbinguni, alisema Gichuki. Nikakaa na kengele mapajani. Wakatangaza majina. Nikangoja Tolliver. Wakasema Tolliver hayupo leo, ana matatizo ya tumbo.

Chelagat akanigeukia polepole. Sikumtazama. Naujua uso ule.

Na nani akatoka kurusha badala yake? Shingo.

Kipindi cha kwanza, wageni wakapata pointi. Cha tatu wakaongeza. Mheshimiwa akapigwa chenga na mpira ambao nyanya yangu angeugonga kwa mwiko. Kufika cha saba tulikuwa nyuma kwa pointi nne, na Bwana Mbegu yuko vilevile, anatafuna, anamwacha Shingo pale katikati kama amemsahau. Watoto wetu walikuwa wamegeukia barafu za kulamba.

Katika kipindi cha saba Wamarekani wana desturi: uwanja mzima husimama, kunyoosha miguu na kuimba. Nilipowaona maelfu wamesimama, niliona hii ndiyo saa. Wimbo ulipokwisha, nikatikisa kengele. Nikasema nimewatumikia kwa uaminifu. Nikasema kiongozi haingojei aibu, huipokea mlangoni. Nikasema kwa moyo mzito, najiuzulu. Ilikuwa hotuba nzuri. Mama mmoja alitoa leso.

Nikamgeukia Mchungaji Gervas.

Kiti kilikuwa kitupu. Biblia yake ilikuwa imemshikia nafasi.

Nikakohoa. Nikarudia, kwa moyo mzito. Ndipo Gichuki akasimama, akavua kofia. "Wapendwa," akasema, "Mwenyekiti ameongea kama mwanaume. Hii kitu si rahisi. Wacha tuheshimu neno yake." Akinyi, mweka hazina, akaunga mkono. Makofi. Makofi yaleyale. Mkono wa Gichuki ukanyooka, na mkono wangu, sijui ulitumwa na nani, ukampa kengele.

Mchungaji akarudi na soseji mbili, moja kila mkono, anauliza tunashangilia nini. Gichuki akamwomba amwombee mwenyekiti mpya. Akaomba. Aliomba vizuri, haradali kidoleni.

Ningekufa pale ingekuwa afadhali. Maana kuanzia hapo Shingo hakupigwa tena hata mpira mmoja. Aliwatoa wale wageni mmoja mmoja, shingo yake imenyooka, na nikaelewa kwa nini Bwana Mbegu hakumwondoa. Kipindi cha nane tukapunguza deni kwa pointi mbili. Cha tisa, watu wawili vituoni, akaja Mheshimiwa. Akagonga. Akasimama kuutazama mpira, kama kawaida yake, na safari hii alikuwa na haki, kwa sababu ulipita juu ya ukuta ukapotelea kwa watazamaji, na wote watatu wakarudi na pointi. Tumeshinda! Niliruka. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika.

Kisha nikasikia kengele yangu inalia. Gichuki alikuwa anaitikisa juu ya kichwa, na watu wanamwimbia.

Kwenye treni nikamweleza kwa utulivu. Nadhiri ilikuwa tukishindwa. Hatukushindwa. Kwa hiyo uenyekiti ni wangu.

Akanishika bega, kwa huruma, hicho ndicho kilichoniuma. "Mzee, nadhiri haikukutoa," akasema. "Uliji-resign mwenyewe, na game ilikuwa bado."

Chelagat alinishika mkono mpaka nyumbani. Nimekaa sebuleni. Natikisa mkono mtupu.

Jumanne, 28 Julai

Nimeingia chumbani kwa Bi. Ernestine nikiwa nimejificha nyuma ya taulo safi. Redio ilikuwa imezimwa. Sijawahi kuikuta hivyo.

"Ndugu Elkanah," akasema, "je, ulimpa mjukuu wangu nini?"

Nikasema baraka.

"Baraka hizo zilimweka chooni siku mbili."

Akanieleza kwamba Desmond alikuwa amemkatia tiketi kwa mkono wake mwenyewe, kiti cha magurudumu kimeandaliwa, gari limeandaliwa, ili bibi akamwone anarusha kwa mara ya kwanza katika uwanja ule mpya. Aliachwa amevaa kofia. Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwomba msamaha, na ulitoka moyoni.

Akanitazama sana. Kisha akauliza kama maziwa yale yamebaki kidogo, kwa ajili ya meneja.

Nikiwa ndani ya basi, maana gari bado linanuka, nilitafakari. Desmond angecheza, pengine tungeshindwa. Hakucheza, tukashinda. Nani alimwondoa? Mursik. Kumbe ilifanya kazi yake, ila mimi sikuwa na imani ya kungoja. Sitamwambia Chelagat bado.

Alhamisi, 30 Julai

Jana Gichuki alipiga simu. Sauti ya asali. Anataka niwe mshauri wa ushirika. Mshauri! Mtu anayeketi nyuma na kuulizwa kama chai ina sukari. Anasema pia Jumapili atawapeleka wote tena uwanjani, eti ni timu yake tangu zamani.

Nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Nilijiuzulu kitu kimoja tu. Mtu akiacha kitu kimoja, watu hudhani amechoka. Akiacha vyote, wanaogopa. Kwa hiyo asubuhi hii nimewatumia ujumbe wote: naacha ushauri kabla sijaupokea, naacha kamati ya chai, naacha sauti ya tatu ya kwaya, na ikibidi, naacha ushirika wenyewe. Mara ya kwanza waliweza kukubali. Mara mbili hawawezi. Wana mioyo.

Watatuma wajumbe jioni, baada ya kazi. Nimeomba ruhusa kazini, nimefagia. Nimepanga viti, cha Mchungaji karibu na soseji. Nimepika chai ya watu wengi. Kibuyu kiko mezani, nimekijaza upya na kukiacha dirishani kwenye jua tangu jana, kifuniko nimekifunga kwa kamba mbili. Chelagat alipita akielekea kazini, akavitazama viti vile, akauliza nani anakuja. Nikasema wajumbe. Akanibusu kwenye kipaji cha uso, jambo ambalo si kawaida yake.

Simu imelia sasa hivi. Ujumbe kutoka kwa Gichuki: "Tumepokea. Mungu akubariki."

Mtu aliye njiani huandika kwa kifupi. Nimeongeza kikombe kimoja.