Sababu ya Safari: Kumkanda Mzazi

Kandida Fulgensi,
S.L.P. ya Parokia,
Ifakara.
19 Februari 1996

Ofisa wa Viza,
Dirisha la Pili,
Ubalozini,
Dar es Salaam.

Ndugu Ofisa,

YAH: KUNYIMWA VIZA YA KWENDA KUMKANDA MZAZI

Marahaba. Natanguliza kuitikia, maana siku ile dirishani ulianza na pasipoti kabla ya shikamoo, nami najua ulisahau tu kwa wingi wa kazi.

Mimi ni yule mama wa Ifakara mwenye kitenge cha njano uliyemnyima viza. Binti yangu Aurelia ameolewa huko kwenu, na mwezi wa Aprili atajifungua mtoto wake wa kwanza. Huku kwetu mzazi hukandwa na mama yake kwa maji ya moto, hufungwa tumbo, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na hainui hata ndoo. Mama mkwe wake, Bi Hedwig, amemwambia kwamba kwao mzazi huoga maji ya kawaida na siku ya tatu anakwenda dukani. Tangu nilipopata habari hiyo chakula hakipiti. Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Fomu yenu inauliza sababu ya safari, na imeweka matembezi, biashara, masomo na matibabu. Kumkanda mzazi hakumo. Nikaweka alama kwenye matibabu, kwa kuwa si matembezi yale. Ukaniuliza anaumwa nani. Nikasema haumwi mtu. Ukataka barua ya hospitali inayothibitisha kwamba haumwi mtu. Nimemwomba daktari wa hapa aiandike, akacheka mpaka akavua miwani.

2. Mlidai ushahidi wa mali. Nikapanda treni na debe la mchele wa shamba langu la ng'ambo ya mto, pale Kivukoni kwetu, ili mwone kwa macho yenu. Askari wa getini aliuzuia mchele usiingie ndani, kisha akauliza nauzaje. Wewe ukasema unataka karatasi ya benki. Ndugu Ofisa, karatasi ya benki hainukii. Mchele ule ulinukia hadi kwenye foleni, na watu waliniheshimu.

3. Ukataka cheti cha kuzaliwa cha Aurelia. Aurelia alizaliwa juu ya dungu la kulindia mpunga, shambani, msimu wa kuwinga ndege, na ndege hawatoi vyeti. Nilikuletea cheti cha ubatizo chenye muhuri wa parokia, ukasema hakitoshi. Ungempigia simu ukamwambia mama yake yuko hapa. Kama asingesema shikamoo mama, ningegeuka mwenyewe bila kusindikizwa.

4. Hili ndilo lililoniuma. Uliandika kwamba huna uhakika kama nitarudi. Mpunga wangu unaiva mwezi wa Juni. Aliyeahidi kuniangalizia shamba ni jirani yangu Mbuke, Msukuma mwenye ng'ombe wengi. Mbuke ni rafiki yangu wa kweli, lakini ng'ombe wake hawajawahi kuniahidi kitu. Mtu mwenye shamba la mpunga pembeni ya ng'ombe wale hawezi kukaa ugenini kuangalia theluji.

5. Tena tukizungumzia kurudi, ninyi ndio wenye historia. Kuna bwana mmoja wa kwenu alikuja kuchimba visima kwa mwaka mmoja. Visima viliisha, yeye yupo. Anakula perege kwa mkono, ana shamba Mkula, na mwaka jana aligombea uenyekiti wa kwaya. Hatukumwomba karatasi ya benki wala picha ya masikio yote mawili, kama mlivyonidai mimi. Alipiga hodi, tukasema karibu, tukamwongezea ugali. Kwa mwendo huu itabidi na sisi tuweke dirisha kwenye pantoni pale Kivukoni. Atakayetaka kuvuka alete barua ya mwaliko, ushahidi kwamba ana kwao, na maelezo ya maandishi kwamba hatapenda samaki wetu kupita kiasi. Foleni ikifika Kidatu msitulaumu.

6. Kwa hiyo naomba masharti yote ya viza yafutwe, kwangu na kwa kila mtu duniani, kuanzia wiki ijayo. Mtu anayekwenda kumhudumia mzazi asiulizwe kitu chochote. Afunguliwe mlango, apokewe mzigo, aonyeshwe jiko lilipo. Mama ni mama, awe wa Ifakara au wa huko kwenu, na serikali isisimame katikati yake na mtoto. Mwanangu atakuwa peke yake na maji ya baridi, na mimi ninaumia.

Natumaini utalishughulikia kabla ya Aprili. Wasalimie wote hapo ofisini, na mama yako aliyekukanda, au ambaye angependa kukukanda. Msalimie pia askari wa getini, mwambie mchele ule hautaki maji mengi.

Wako mtiifu,
Kandida Fulgensi, mama wa Aurelia.

Tanbihi: Nilikuwa nimeshalamba bahasha ndipo Evaristo wa posta akaniletea barua ya Aurelia. Amechoka kunisubiri, anakuja kujifungulia nyumbani, na mumewe amekubali. Nilipiga vigelegele hadi Mbuke akaacha ng'ombe akaja kuuliza kuna nini. Lakini mwisho wa barua anasema kwamba Bi Hedwig naye anafunga mizigo. Anataka kuja yeye mwenyewe kumhudumia mzazi, na atakaa mpaka mtoto atambae.

Kwa hiyo yale ya namba sita naomba uyakate kwa wino mwekundu. Nimefikiri upya na nimeona masharti yenu yana hekima kubwa. Tafadhali mwandikie mwenzako wa ubalozi wetu huko kwenu, asilegeze hata moja. Amdai Bi Hedwig karatasi ya benki, cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, picha ya masikio yote mawili, na ushahidi wa nguvu kwamba atarudi. Na kwenye sababu ya safari, akiweka alama kwenye matibabu, aulizwe anaumwa nani.